Kiungo Kilichopata Joto

9 Februari

Kaka, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio yako yakiwa yaleyale yasiyopatana na simu. Wifi aliniambia juzi kwamba ukishika simu unapiga kelele mpaka jirani anatoka kuuliza kuna msiba gani. Basi nimenunua karatasi na bahasha, tuandikiane kama watu wa zamani. Mama anaendeleaje na macho? Daktari alimwambia asiiname wiki tatu baada ya upasuaji; mimi namjua, ameinama siku ya pili. Mfichie ufagio.

Huku sijambo. Mwisho wa Januari tulimaliza kupoza Kipande cha Sita cha mashine yetu ya kukimbiza chembe za atomu. Wiki sita, Kaka! Ulikuwa ukiniambia baridi ni kama heshima, inajengwa kwa miezi na inaweza kupotea kwa dakika moja, nami nikidhani ni maneno ya mtu mzima tu. Tulianza na naitrojeni, kisha heliamu, kidogokidogo, maana chuma kikipoa ghafla kinapasuka. Kilomita tatu za sumaku zimejikunja zikafupika karibu mita kumi. Tulipofika nyuzi mbili kasoro kidogo juu ya baridi ya mwisho, ile ambayo chini yake hakuna baridi nyingine, nyaya zikaacha kuubishia umeme. Unapita tu, haupingwi, hautoi joto. Nilikaa nikatazama ile grafu imelala kimya kama mtoto aliyeshiba, nikakukumbuka.

Kuna jambo lilitokea Jumanne iliyopita. Tulikuwa tunaipa mashine nguvu kamili kwa mara ya kwanza. Unajua miaka yote imekuwa ikiendeshwa kwa nusu. Kuna heliamu iliyovuja, kazi imesimama. Tume ya uchunguzi imeundwa na wanakusanya madaftari ya zamani. Hivi, viungo vya nyaya vya Kipande cha Sita vililehemiwa na kikundi gani? Ni kikundi chenu au cha wale wa karakana ya juu? Ukikumbuka, niandikie.

Rafiki yako Taratibu hajambo, anakusalimu.

Mdogo wako,
Kitinda

26 Februari

Kitinda, marahaba.

Barua yako nimeipata na bahasha ikiwa imelowa, posta sijui wanaogea nayo. Mama haoni vizuri bado lakini anaona anachotaka. Ufagio niliuficha nyuma ya tangi. Aliupata kabla sijarudi ndani, akanifagia kwa maneno. Wifi yako mzima. Mimi kifua kimetulia, nameza vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni, na daktari amenikataza kubeba vitu vizito na kusikiliza habari mbaya. Nimemwambia hilo la pili limeshatatuliwa na kompresa: nimefanya kazi ukuta mmoja na zile kompresa miaka kumi na minne, habari yoyote ikitaka kuniingia lazima ipige hodi mara tatu.

Kuhusu viungo: ni zamani mno, mdogo wangu. Miaka tisa. Vilikuwa maelfu, na kila kikundi kilisaidia mwenzake. Kila kitu kiliandikwa kwenye madaftari. Waache wasome madaftari.

Kiungo gani hasa wanakitafuta? Hukusema.

Mwambie Taratibu amekuwa mvivu. Tangu Desemba hajaniandikia hata mstari mmoja, na si kawaida yake. Yule kwa kuchelewa anachelewa, lakini hafiki kwenye kutokuja kabisa.

Kaka yako

14 Machi

Kaka, shikamoo. Shikamoo pia kwa Mama, na salamu kwa wifi.

Huku baridi imepungua, ya nje na ya ndani. Wamelipasha joto handaki lote la Kipande cha Sita ili watu waingie, nami nikashuka na tume kwa sababu najua mabomba. Nimefanya kazi chini kule miaka saba na sikupatambua. Sumaku za tani thelathini zimeng'oka kwenye miguu yake na kusukumana kama viti baada ya harusi. Sakafu imepasuka. Masizi yameingia ndani ya bomba la miale mamia ya mita. Na katikati, pale nyaya za sumaku mbili zilipokutana, hakuna kitu. Shaba imeyeyuka, kiungo kimekwenda. Mwenyekiti wa tume, mhandisi mmoja mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliweka taa pale, akasema, "Hapa ndipo pa kuanzia."

Kwa hiyo sasa najua. Kiungo kile kilikuwa na ukinzani. Kwa nusu ya nguvu kilivumilia. Kwa nguvu kamili kikapata joto, waya ukaacha kuwa baridi, umeme ukakosa njia, ukaruka kama radi na kutoboa chombo cha heliamu. Tani sita za heliamu zimechemka kwa mara moja.

Ni kiungo namba 213. Daftari nimeliona mwenyewe, Kaka. Mwandiko ni wako. Ile saba yako yenye mkanda kiunoni naijua tangu unanifundisha hesabu. Kipimo cha 212 ni sifuri nukta tatu moja saba. Kipimo cha 213 ni sifuri nukta tatu moja saba. Nimepitia kurasa zote arobaini za kikundi chenu. Hakuna viungo vingine viwili vilivyofuatana vikalingana mpaka tarakimu ya mwisho.

Tume bado hawajaligundua hilo. Wanatafuta vipimo vibaya, na hiki kinaonekana kizuri sana. Nimeligundua mimi kwa sababu nilikuwa nasoma mwandiko wako, si namba.

Nakuuliza kama mdogo wako, siulizi kama mtu wa kazini. Ulikipima?

Kitinda

30 Machi

Kitinda, marahaba.

Mama ameanza kuona tarakimu za kalenda ya ukutani bila miwani. Tangi limepata ufa, nimeliziba.

Umeniuliza mara mbili habari za viungo. Mimi nimeuliza jambo moja tu, habari za Taratibu. Katika barua ya kwanza ulisema ananisalimu, ukaishia hapo. Katika ya pili hukumtaja kabisa, wakati nilikupa ujumbe wa kumfikishia. Wewe ni mtoto niliyekulea, nikakuogesha, nikakupeleka shule mkono kwa mkono baba alipofariki. Ukiruka jambo, naliona pengo lake.

Taratibu yuko wapi?

Kaka yako

11 Aprili

Kaka, shikamoo.

Leo sina habari ya kutanguliza. Utakapoisoma barua hii wifi atakuwa amekwisha kukuambia, kwa sababu nilimpigia jana, na huenda hata kuzika mmekwisha zika. Mwili unaondoka huku kesho. Lakini kuna mambo ambayo wifi hayajui, na lazima uyapate kwangu.

Taratibu amefariki tarehe nane. Niliposema anakusalimu, alikuwa na siku sita hajafumbua macho. Daktari wako alisema usishtuliwe, nami nikajiambia atazinduka, atakuandikia mwenyewe na kunicheka. Wiki ya kwanza nilidanganya kwa matumaini. Baada ya hapo nilidanganya kwa woga. Nisamehe.

Siku ile hakuna mtu aliyekuwa handakini. Wakati wa kutia umeme hairuhusiwi, unajua. Lakini kile chumba cha valvu kilicho juu, kwenye mdomo wa shimo la kushukia, kimeandikwa kuwa ni mahali salama, na Taratibu alipewa kibali aende kukaza valvu iliyokuwa inatoa jasho. Alikuwa kwenye ngazi, mita nne juu. Heliamu ilipanda kupitia shimo kama wingu jeupe. Heliamu haina harufu, haikabi koo, haikuambii toka. Inaiondoa hewa tu na kukaa mahali pake. Alizimia akiwa na spana mkononi, akaanguka, akapiga kichwa kwenye ukingo wa zege. Waliomtoa walikuwa wawili wenye mitungi ya hewa. Mmoja wao aliniambia kwamba valvu ilikuwa imekazwa vizuri.

Nilikwenda hospitali kila baada ya zamu. Mkewe alikuja huku wiki ya pili, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka mwisho. Alikuwa anamsomea barua zako za zamani, Kaka. Zote alikuwa amezitunza. Mara moja mkewe alisimama kusoma, akaniuliza, "Huyu kaka yako anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Afadhali. Angekuja mbio na moyo wake ule, tungekuwa na wagonjwa wawili."

Na mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha kontroli siku hiyo. Nilifunga valvu za heliamu ndani ya sekunde zinazotakiwa, hilo limethibitishwa. Yaliyotangulia hapo nitayasema siku nyingine, nikiweza.

Kitinda

20 Mei

Kaka, shikamoo.

Wiki tano hujaniandikia. Wifi anasema unakula kidogo, unakaa uani na ukiulizwa unajifanya husikii. Mama anasema unasikia.

Rasimu ya ripoti imetoka, nasi wafanyakazi tumeruhusiwa kuisoma. Inasema kiungo 213 kilikuwa na kipimo kizuri, hivyo kuharibika kwake "hakukuweza kutabirika." Kuhusu kifo inasema fundi bomba aliingia chumba cha valvu bila kipima oksijeni chake, ambacho kilikutwa kimetundikwa kwenye msumari mlangoni, na kwamba kwa kufanya hivyo alikiuka maagizo ya usalama. Chumba kile hakikuwa na sharti la kipima oksijeni, Kaka. Kibali chake hakikutaja. Lakini ikikosekana sababu, watu huitafuta kwa asiyeweza kujibu.

Kwa hiyo sasa karatasi ya serikali inasema Taratibu alivunja taratibu. Kuna mtu kantini alilicheka hilo. Nilimwaga chai yangu, nikatoka.

Nakala imetumwa kwa mkewe.

Kitinda

2 Juni

Kitinda, marahaba. Mama anakusalimu, naye ndiye aliyenipa kalamu. Aliiweka juu ya meza, akakaa mbele yangu, akasema, "Siondoki."

Nilibeba jeneza lake. Daktari alinikataza vitu vizito, lakini ungetaka nimwambie nini mkewe? Alinichagua yeye mwenyewe. Alisema, "Shemeji, wewe shika mbele, upande wa kulia, yeye alikuwa anakuweka mbele siku zote." Nikashika. Tulikwenda kwa miguu kutoka barabarani mpaka kaburini, na barua yako ya Machi ilikuwa mfukoni mwangu ikiwa na zile namba mbili. Watu walinipa pole. Nilizipokea pole zote, moja baada ya nyingine, kama mtu mwenye haki nazo.

Sasa sikiliza, na usinikatize mpaka nimalize.

Ilikuwa mwezi wa mwisho wa ujenzi. Vikundi vinashindana, ubaoni kuna idadi ya viungo vya kila kikundi, na chetu kilikuwa juu. Mimi nilikuwa msimamizi. Kazi unaijua: unalaza nyaya mbili, katikati karatasi ya lehemu, unabana kwa kibanio cha moto, unasubiri lehemu itoke jasho kingo zote mbili. Kisha unapima. Kisha unaandika. Ndipo wachomeleaji wanakuja kufunga gamba la chuma, na baada ya hapo hakuna jicho litakaloona tena.

Siku hiyo kibanio kilipungua moto katikati ya kazi, kwa dakika moja hivi, kikarudi. Nilipofungua niliona ukingo mmoja umetoka jasho na wa pili umekauka. Kama nusu ya urefu wa kidole. Mita ya kupimia ilikuwa imepelekwa kukaguliwa na ilikuwa irudi kesho yake. Wachomeleaji wamesimama nyuma yangu na gamba mkononi.

Taratibu alikuwa pale, anaunga bomba la pembeni. Akainama akatazama, akasema, "Subiri mita."

Nikamwambia, "Mita ni kesho."

"Basi na kiungo ni kesho."

"Tutapoteza nafasi yetu ubaoni."

"Acha nafasi wazi daftarini, uandike kwamba hakijapimwa. Si aibu."

Nikamwambia maneno ambayo nimeyasikia kila siku tangu Aprili, mimi nisiyesikia kitu. Nilimwambia, "Wewe kwa taratibu zako utazeeka handakini." Wachomeleaji wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akarudi kwenye bomba lake. Nikatazama kipimo cha 212, nikakiandika tena chini yake.

Hakulitaja tena maisha yake yote. Wala mimi. Aliniuguza nilipolazwa kwa kifua, akaniandikia miaka tisa, na neno hilo halikupita kati yetu. Niliamini amesahau. Sasa naona alikuwa ananisubiri.

Jibu la swali lako ni hapana. Sikukipima.

Barua hii ipeleke kwa tume. Nimeweka jina langu kamili na namba yangu ya kazi kwenye karatasi ya pili. Usinihurumie, na usiniambie habari za moyo wangu. Huu moyo si umebeba jeneza? Umebeba, na haukusimama.

Kaka yako

19 Juni

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe kumi. Niliipeleka tarehe kumi na sita. Utauliza zile siku sita nilikuwa nafanya nini.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nakutetea kichwani. Kwamba kibanio kilikuwa kibovu, si wewe. Kwamba walioweka ule ubao wa mashindano ndio wa kulaumiwa. Siku ya tatu nilikuwa na hasira nawe, na hasira yenyewe ilinisaidia kulala. Siku ya nne nikakaa kwenye kile kiti changu cha kontroli, mitambo imezimwa yote, nikajua kwamba siwezi kupeleka barua yako peke yake.

Kaka, mimi niliona.

Jumatatu, siku moja kabla, tulijaribu kwa robo tatu ya nguvu. Kihisi cha joto karibu na 213 kilipanda. Kidogo sana, sehemu ya nyuzi ambayo ngozi ya mtu haiwezi kuijua, lakini heliamu inaijua. Kilipanda tulipoongeza umeme, kikashuka tulipoupunguza. Mara mbili. Nikamwita msimamizi wa zamu, nikamwonyesha. Akasema, "Kihisi hicho kizee, kinaota ndoto." Nikasema, "Niandike?" Akasema, "Ukiandika, lazima tusimamishe, na kesho wageni wanakuja kuona nguvu kamili. Tazama tena kesho." Hakunikataza, Kaka. Hilo ndilo linaloniuma. Hakusema usiandike. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na ule mstari ulikuwa wazi. Nikauacha.

Wewe uliandika usichokipima. Mimi niliona nisichokiandika. Na kati yetu sisi wawili, watoto wa mama mmoja, Taratibu ameanguka.

Nikaandika ya kwangu, kurasa tatu. Nikaiambatanisha na ya kwako, nikaenda kwa mwenyekiti wa tume. Alisoma zote mbili nikiwa nimesimama, hakunipa kiti, wala sikukitarajia. Kisha akauliza, "Huyu wa kwanza ni nani kwako?"

"Kaka yangu. Ndiye aliyenilea."

"Anajua hili la kwako?"

"Bado."

Akavua miwani. "Unajua kwamba mngenyamaza wote, ripoti ingepita."

"Najua. Nimeisoma."

Akaivaa tena, akaniambia nikalete kumbukumbu za kihisi za siku ile ya Jumatatu. Zilikuwemo zote kwenye mashine, Kaka. Mashine iliandika. Hakuna aliyekuwa ameambiwa azitazame.

Wameniondoa kwenye kiti cha kontroli. Msimamizi wa zamu naye amesimamishwa, na hanisemeshi. Sasa nipo na kikundi cha kupima. Wanafungua magamba ya viungo vyote vya handaki, maelfu, na kuvipima upya kimoja kimoja. Kwa siku hizi chache tu tumekwisha pata vibaya vitano. Vitatu si vya kikundi chenu. Sikuambii hili likupe nafuu. Nakuambia kwa sababu kama si barua yako, kila kimoja kilikuwa kinasubiri siku yake na mtu wake.

Kaka, kwa mke wa Taratibu siendi kabla yako. Sina mahali pa kuanzia.

Kitinda

23 Agosti

Kitinda, marahaba.

Mama anaona. Jana ameniambia nimezeeka, akasema miezi yote hii alikuwa hajui. Wifi yako anakusalimu, ametuma picha ya binti yetu na mume wake mpya. Utaiona ndani, mume ni yule anayeonekana kama amepotea njia.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Sikukuandikia upesi kwa sababu nilikuwa sijui nikukemee au nikukumbatie, na kwa karatasi havifanyiki vyote viwili. Umefanya lililo sawa. Ulipaswa kulifanya Jumatatu ile. Mimi nilipaswa kulifanya miaka tisa iliyopita. Tuyaache hapo, tutayabeba hivyohivyo yalivyo.

Kwa shemeji nimekwenda.

Nilikwenda mwanzo wa Julai, peke yangu. Alinifungulia, akafurahi kuniona. Nikamwambia kabla sijakaa kwamba nimekuja na habari ambayo akishaisikia anaweza kunifukuza. Akahamisha kiti chake akaja upande wa sikio langu zima. Akasema, "Kama ni hivyo sitaki kukupigia kelele. Majirani watajua wakati wao."

Nikamwambia yote. Kibanio, ukingo mkavu, mita, ubao. Nikamwambia mumewe alivyosema na mimi nilivyomjibu, na watu walivyocheka. Hakulia. Alipanguza meza isiyo na vumbi. Mwisho akauliza, "Na ulipobeba jeneza ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Akasema, "Nenda nyumbani kwako, shemeji."

Nikaenda. Wiki saba hakuniita, wala mimi sikujipeleka. Nikimwona dukani nilisimama mpaka apite.

Juzi alimtuma mtu aniambie niende. Ripoti mpya ilikuwa imefika. Nilikuta watoto wake wote watatu wamekusanyika, na yule binti mkubwa, mwalimu, amesafiri kutoka kazini kwake. Hakuna aliyenisalimia ila mdogo kabisa. Shemeji akaniwekea ile ripoti mbele yangu, akasema, "Isome wewe. Kwa sauti. Ile ya kwanza waliisoma peke yao na hawakupata wa kumuuliza."

Nikaisoma. Sauti yangu siisikii vizuri, sijui nilipaza au nilinong'ona. Nilifika kwenye jina langu, nikalisoma. Nikafika penye jina lako, nikalisoma. Nikafika pale wanaposema marehemu alikuwa na kibali halali, kwamba chumba hakikuwa na sharti lolote alilolikiuka, na kwamba miaka tisa kabla yeye ndiye mtu pekee aliyeshauri kiungo kile kisifungwe. Hapo shemeji akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Nikarudia mara ya tatu, na yule mwanawe wa kiume akatoka nje, wakamsikia anajimwagia maji uso mzima bombani, mimi nilimwona tu kupitia dirishani.

Binti mkubwa hakutoka. Aliniuliza, taratibu, midomo yake ikiwa wazi ili niione, "Baba alikuambia usubiri?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

Nikamjibu kwa maneno yaleyale, sikuyapamba. Kisha akauliza kwa nini, baada ya hapo, baba yake aliendelea kuwa rafiki yangu. Nikamwambia kwamba nimejiuliza hilo tangu Aprili na sijapata jibu. Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Nikashika kofia yangu niondoke. Shemeji akaniambia, "Mwache. Anakaa hapa mpaka mwisho wa mwezi, na maswali yake hayajaisha. Njoo tena kesho kutwa."

Kesho kutwa yenyewe ni leo. Mama amenipigia pasi shati, na kwa macho yake hayo mapya amelitazama mstari kwa mstari. Saa nne nitakuwa mlangoni kwao.

Kaka yako